Mbwa Aliyeukataa Ukoko

Siku moja Mbwa mwenye kitambi aliususia ukoko wa ugali. "Mababu zetu walikula nyama mbichi," alisema, "wala hawakuwa na vitambi." Akaenda porini kwa binamu yake Bweha akajifunze ulaji wa asili. Alimkuta anatafuna panzi na tunda bovu.

"Binamu, nyama iko wapi?"

"Imenikimbia tangu alfajiri."

"Lakini mababu zetu..."

"Walikuwa ndugu wawili. Mmoja alionja ukoko wa watu, hakurudi tena porini. Huyo ndiye babu yako. Na wembamba huu unaouonea wivu hautoki kwenye kula, unatoka kwenye kukimbiza."

Mbwa akaukumbuka ukoko aliouacha, akawakumbuka na kuku wa pale nyumbani, wasije wakaudonoa wote. Akatimua mbio, na kitambi kikaanza kupungua njiani.