Taa ya Kijani Jikoni

Saa tano asubuhi taa ya jikoni kwetu iligeuka kijani, na mtaa mzima ukalipuka kwa vigelegele. Nchi za nje zimepandisha ushuru wa kamba wetu hadi asilimia arobaini! Kwa sheria ya kisiwa, kamba wa baharini ni wa meli za kwenda nje tu. Mwananchi anaruhusiwa kuwala pale ushuru huo unapopita asilimia thelathini. Nina miaka ishirini na sita, na taa hiyo nimeijua nyekundu tu.

Kigari kisicho na dereva kikatushushia kilo tatu mlangoni. Binti yangu Zuwena akarukaruka. "Mama, nyama yao ina ladha gani?"

"Muulize bibi yako!"

Mama yangu, Bi Kazija, amemenya kamba kiwandani miaka thelathini. Akacheka. "Mjukuu wangu, mimi naijua kwa vidole tu. Leo nitaijua kwa ulimi!"

Akatufukuza, akajifungia jikoni na nazi, ndimu na pilipili. Tukakaa mkekani tukimeza mate, huku majirani wakiulizana madirishani nani keshaonja.

Sinia la wali na mchuzi likaja. Zuwena akatia mkono, akakunja uso. Vilikuwa vichwa na maganda, vilevile anavyopewa mama kiwandani kila Ijumaa.

"Mama, nyama iko wapi?" nikamuuliza.

Bi Kazija akavitazama viganja vyake. Nikaenda kufungua friji. Kamba wote walikuwa juu ya barafu, wamemenywa, wamepangwa kwa ukubwa, mikia imeelekezwa upande mmoja, tayari kwa meli.