Ukuta wa Egidi

Fundi aliyekuja kuweka fremu ya mlango alifunga kamba ya timazi kwenye msumari juu ya ukuta, akaiachia. Kichuma kizito cha mwisho wa kamba, cha kupimia kama ukuta umenyooka, kiliyumba kidogo, kikatulia.

Toka chini hadi usawa wa kiuno, ukuta uliifuata kamba. Juu ya hapo ukaanza kuikimbia, tofali kwa tofali.

"Mama Egidi, huku juu tubomoe," fundi alisema. "Aliyejenga alikuwa amelewa nini?"

Egidi, aliyeujenga, hakuwa mlevi. Mama yake alimkumbuka akishuka kwenye jukwaa la ujenzi kila mara, anakaa juu ya ndoo, jasho linamtiririka na baridi yote ile ya Juni.

"Nauangalia ukuta kwa mbali, mama," alikuwa akisema.

Hakumaliza kuezeka. Walimzika kabla ya mvua.

Mama aliingiza kidole kwenye mwanya kati ya kamba na ukuta, akakishusha taratibu hadi pale mwanya ulipoisha. Kumbe ni hapa alipoanza kuumwa, na hakumwambia mtu.

"Usibomoe," alisema. "Fremu iufuate ukuta."

"Mlango hautafungika, mama."

"Basi ukae wazi."