Shangazi wa Kumbeba Mwali

Siku hizi lango la jimu linaonja mate yako kwanza. Likiona damu uliyorithi haifaidiki na mazoezi, huingii, na linakutangazia mbele za watu. Jirani yetu Bi Saumu lilimwambia misuli yake haitaongezeka nguvu hata afanyeje.

Pigo hilo! Maana yeye ndiye shangazi, na kwetu shangazi ndiye humbeba mwali mgongoni kutoka chumbani hadi mkekani. Na mwali wetu, Mwanaidi, jamani, kajaliwa mwili.

"Kodi roboti akubebee," jirani mwenzetu Zuhura akamchokoza.

"Roboti ni dada wa babake Mwanaidi?"

Basi kila alasiri tukajazana uani kwake. Akatubeba mmoja mmoja kutoka jikoni hadi kwenye tangi la maji, akianza na Zuhura aliye mwepesi, sisi wengine tukinywa chai na kusengenya. Lango alilijaribu tena, likamjibu yale yale.

"Limeonja mate, shoga, halijaonja miguu," tukamwambia.

Siku ya harusi akainama, Mwanaidi akampanda mgongoni. Mlangoni akayumba, vigelegele vikakatika. Bi Saumu akavuta pumzi, akapiga hatua, kisha nyingine, mpaka mkekani. Nyumba ikalipuka kwa shangwe.

Mimi nilikuwa karibu, nikamsikia mwali akinong'ona, "Shangazi, na mimi lango lilinikataa. Bwana harusi hajui."

Bi Saumu akamkaza vizuri mgongoni.

"Fungate likiisha, uje uani," akamjibu, bila kumshusha.