Jared Brooks wa Nairobi

Asubuhi ya mahojiano Eibu alifunga tai juu, chini akabaki na kaptula. Kamera haifiki huko, alijiambia, na mtu wa maana hupimwa kuanzia kifuani kwenda juu. Koti lilikuwa la Okware, jirani yake wa chumba cha pili. Pazia nyuma yake lilificha ukuta uliobambuka, mteja asije akashuku kwamba Nairobi yote ni chumba kimoja cha kupanga hapa Busia, hatua chache kutoka mpakani.

Maana kwenye mtandao hapakuwa na Eibu. Palikuwa na Jared Brooks, mtengenezaji tovuti wa Nairobi, uzoefu wa miaka kumi. Eibu mwenyewe alikuwa na uzoefu wa miezi mitano, na mitatu kati ya hiyo aliitumia kuchagua picha ya wasifu. Kwao ni Molo, kule Tororo upande wa Uganda, lakini neno Molo hakuliandika popote. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Eibu aliwaona wahenga nao washamba tu.

"Anza na watu wa kwenu," Okware alikuwa amemshauri. "Tengenezea hata kanisa tovuti ndogo, upate kitu cha kuonyesha."

"Kule nimtengenezee nani tovuti? Kuku?"

Basi akatuma maombi ya kazi thelathini na saba, yote yakaenda na maji. La thelathini na nane likajibiwa na Annelies, Mholanzi aliyewahi kuishi Kenya na kukijua Kiswahili vizuri. Alitaka tovuti kwa ajili ya kikundi cha wakulima. Wakulima gani, wa wapi, Jared Brooks hakuuliza; wakulima ni wakulima. Akaombwa ukurasa mmoja wa majaribio, kufikia Jumatatu.

Jumatatu ilimkuta mikono mitupu, kwa kuwa wikendi aliimalizia kwenye mpira. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye aliandika: "Nimefiwa na mama mzazi. Tunazika." Annelies akatuma rambirambi ndefu na kumwongezea wiki nzima. Bwana mkubwa akapakua ukurasa uliotengenezwa na wenzake, akabadilisha rangi, akatuma.

Leo ndiyo ilikuwa leo. Akiipata, ni kazi yake ya kwanza. Akiikosa, anarudi Molo kushika jembe, kwa sababu mama yake, Aanyu, alikwisha kuuza ng'ombe wa mwisho ili yeye anunue kompyuta, na ng'ombe mwingine hayupo.

Zikiwa zimebaki dakika chache, simu ikalia. Mama.

"Eibu, nielekeze hii simu ya kuonana uso," alisema kwa Kiteso. "Leo nina maongezi na wageni, naogopa kuaibika."

"Mama, hayo si mambo ya watu wa jembe. Kamwombe katekista. Mimi niko kazini."

Akakata. Wageni gani, hilo nalo hakuuliza.

Saa nne kamili Annelies akatokea kwenye kioo cha kompyuta, uso mkunjufu. Akampa pole tena kwa msiba, naye Jared Brooks akainamisha kichwa kwa huzuni aliyoifanyia mazoezi. Akausifu ukurasa. Akazisifu rangi. Eibu akaanza kujiona ameshavuka.

"Kwangu mimi umepita," alisema Annelies. "Lakini tovuti ni ya kikundi, na mwenye uamuzi ni mwenyekiti wao. Ngoja nimuunganishe. Alihangaika kidogo na simu, ila katekista amemsaidia."

Kioo kikagawanyika mara mbili. Upande wa pili yakaonekana mabati ya paa, kikaja kidole, kisha kitambaa cha kichwa cha buluu, kile cha kuendea kanisani. Eibu alitaka kuzima kamera, asikumbuke inazimwa wapi.

"Mama mwenyekiti, huyu ndiye Jared wa Nairobi, yule kijana niliyekuambia amefiwa na mama yake."

Aanyu alimtazama kwa muda mrefu, tai, koti na pazia. Alipofungua kinywa hakusema Kiteso. Alisema Kiswahili, kile anachowasemesha wateja asiowajua sokoni.

"Pole na msiba, Bwana Jared. Mama yako mulimzika wapi?"