Singo ya Bibi Ngiri

Kiangazi kimoja, asubuhi ya harusi yake, Kongoni alijiona amepauka ngozi na kwato zimefanya magaga. Akahofu bwana harusi atamkataa.

Somo wake aliyemfunda, Bibi Ngiri, akamwambia, "Zama topeni, mwanangu. Hiyo ndiyo singo yetu ya kung'arisha ngozi."

"Niolewe nanuka kidimbwi, Somo?" Kongoni akacheka, akaenda kujipaka asali mwili mzima.

Nyuki wakamjia kundi zima. Kongoni akatimua mbio, akajitosa topeni hadi puani, wala hakuthubutu kutoka mpaka alasiri.

Tope lilipokauka na kubanduka, ngozi yake iling'aa na kwato zilikuwa laini. Bwana harusi alipomwona akasahau hata kusalimu wakwe.

"Mimi nimekusihi bure," Bibi Ngiri akamnong'oneza, "nyuki wamesema mara moja tu, ukasikia!"