Dawa ya Nywele Ngumu

Fundi wa nywele alikuwa ameshakitoa kitana cha chuma motoni, kinafuka moshi, alipouliza jina la bwana harusi.

"Shamte," Faidha akajibu. "Ananunua korosho kule Masasi."

Fundi akakitazama kitana kitambo kidogo, kisha akakirudisha jikoni juu ya mkaa, akakiacha hapo.

"Kitana hakikufai," alisema.

Faidha akageuka kwenye kigoda. Sasa hivi tu walikuwa wamekubaliana kitana. Nywele zake zilikuwa nzito na ngumu, za kuvunja machanuo. Tangu utotoni pale Lupaso dada zake walimkimbia siku za kusukana. Juzi alizichoma kwa kitana mjini Masasi. Zilinyooka, zikalala, mpaka alipotwanga kinu kimoja cha mtama na jasho likamtoka, zikasimama tena kama hazijaguswa. Na harusi ni kesho. Ndiyo maana alidamka akapanda gari la kwanza kuja Newala, ingawa Shamte alimkanya asihangaike kupanda huko juu, hakuna cha maana.

"Na ile pasi ya nywele?" aliuliza, akiionyesha ukutani.

"Umeme unawashwa jioni. Tena nywele hizi, pasi itapita juu juu tu, ndani zitabaki vile vile." Fundi alinyoosha mkono juu ya kabati, akateremsha boksi ambalo halijafunguliwa. "Nakuweka dawa. Hii ni ile kali, imetoka Dar es Salaam. Tangu mambo yawe ruksa kila kitu kinafika, mradi ujue kuchagua."

"Haiunguzi?"

"Inaunguza mikononi mwa asiyeijua."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na makovu toka kiwiko hadi kiganja. Kazi ya moto hiyo, Faidha akajisemea. Fundi alimpaka mafuta ya mgando shingoni, nyuma ya masikio na kuzunguka paji lote la uso, akazigawa nywele mafungu manne, akaanzia kisogoni. Harufu ya dawa ikapanda puani, machozi yakamlenga Faidha.

"Anakupenda?" fundi aliuliza.

"Sana. Kila wiki yuko Lupaso." Kisha, bila kujua kwa nini anaeleza, akaongeza, "Mke wa kwanza alishampa talaka, amerudi kwao Tandahimba. Wana mtoto mmoja tu, Fikirini."

"Usitikise kichwa," alisema fundi.

Dawa ilikuwa imeshaenea kichwa kizima mtu alipopiga hodi. Akaingia mwanamke na ndoo kichwani, nyingine mkononi.

"Mama Fikirini, nimepata mbili tu. Bombani leo vita."

"Ahsante, Magdalena. Tua hapo mlangoni."

"Na Baba Fikirini? Hajapanda tu kutoka Masasi?"

"Bado. Si unajua msimu wa korosho."

Magdalena akaaga. Faidha hakusikia alivyoaga. Kichwa kilikuwa kimeanza kumwasha, kwanza kama sisimizi wachache, kisha kama siafu. Sasa alielewa kwa nini kitana kilirudishwa motoni. Alielewa na lile boksi. Alizitazama ndoo mbili pale mlangoni. Mama Fikirini alikuwa amevuta stuli yake, ameketi katikati, baina yake na maji, akiitazama saa.

"Mama, inachoma. Nioshe."

"Bado."

"Nakuomba, mama, nioshe."

"Nimesema bado. Tulia."

Faidha alishika kingo za kigoda kwa mikono miwili. Akimbie? Aende wapi na dawa kichwani, katika mji ambao maji hununuliwa kwa ndoo? Nani atammwagia mgeni ndoo nzima? Alimwona bibi harusi wa kesho, mtandio unafunuliwa, chini yake upara wenye vidonda. Aliona wageni wanaziba midomo.

Mama Fikirini akainuka. Akamshika shingo kwa ule mkono wenye makovu, akamwinamisha juu ya beseni. Faidha akafumba macho.

Maji yalikuwa ya baridi. Kata moja, ya pili, ya tatu. Ndoo ya kwanza ikaisha, ya pili ikafuata. Fundi hakubania hata tone. Vidole vyake vilikuwa vinapita taratibu kwenye ngozi, vikiisaka dawa iliyobaki. Faidha alisubiri kuzisikia nywele zikianguka kwenye beseni. Hakuna kilichoanguka.

Baada ya saa mbili, zilipokwisha kukauka na kufunguliwa rola, alipewa kioo. Nywele zilimfika mabegani, nyororo, zinang'aa. Alijipapasa utosini, kisogoni, nyuma ya masikio. Hapakuwa na hata chembe ya kidonda. Hajapata kujiona mzuri hivyo maishani mwake.

Alifungua pindo la kanga alipe. Mama Fikirini akalichukua lile pindo, akalifunga tena, kisha akaanza kumviringishia kitambaa kichwani.

"Ulijua tangu nilipomtaja," Faidha alisema.

"Nilijua."

"Aliniambia alishakupa talaka."

"Ameahidi kunipa. Akishaoa."

Faidha akamtazama kwenye kioo. "Nilidhani utaniunguza."

Mama Fikirini alimaliza kufunga kitambaa, akakikaza vizuri.

"Nikuunguze, mwanangu, akukatae? Halafu nani atamchukua?"