Kiti cha Nyuma

Mzee Zebedayo alipanda mtumbwi wa plastiki humo humo dukani, ukiwa juu ya mbao, akaanza kukanyaga pedali kabla muuzaji hajamaliza kueleza. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa haushiki tena kasia. Miguu ilikuwa mizima, na feni ya kusukuma maji chini ya mtumbwi ikazunguka hewani.

"Huu huu, nauchukua."

"Una kiti kimoja, Baba Neema," alisema mkewe, Yunia.

"Kwani samaki nao wanataka kukaa?"

Muuzaji alicheka. Yunia hakucheka. "Ukipinduka na mkono huo, nani atakuvuta?"

"Huyo Mungu unayemwamsha kila alfajiri."

"Ndiye aliyenituma nije nawe."

Yunia, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuingia ziwani kupita magoti, alivua ndala, akapanda mtumbwi wa pili, wa viti viwili, akaketi nyuma. Akakanyaga. Pedali ziligoma, kisha zikakubali.

Zebedayo hakugeuka. Alizidi kukanyaga, macho mlangoni, kulikoonekana kipande cha ziwa. Nyuma yake, pedali za mkewe zilikuwa zinaongeza kasi.